Uliza Ujibiwe: Mercia, ufalme uliosimuliwa na maadui zake

Toleo lililopita tuliweka picha ya sarafu moja ya dhahabu, Kiarabu kimeizunguka pande zote halafu katikati ya hicho Kiarabu mtu kapachika OFFA REX, yaani Mfalme Offa kwa Kilatini, na chini yake tukaandika mistari miwili tu kwamba ni ya mfalme wa Mercia, Uingereza, karne ya 8. Basi. Meseji zikamiminika utadhani tumetangaza ajira. Nimechagua zile zenye swali ndani yake, zinazofanana nimeziunganisha, na wale mliouliza inauzwa bei gani, haiuzwi jamani, iko British Museum pale London.

"Assalaam aleykum mhariri. Hiyo sarafu ina shahada kabisa. Kuna video inazunguka WhatsApp inasema huyo Offa alisilimu na Wazungu wakaficha. Tuambie ukweli usizunguke." (Msomaji, Tanga)

Waaleykum salaam shehe wangu. Sizunguki: hakusilimu.

Offa alitawala Mercia kuanzia mwaka 757 mpaka alipokufa 796. Sarafu yenyewe ni kopi ya dinari ya khalifa al-Mansur wa Bani Abbas, na fundi alikopi mpaka mwaka, 157 Hijria, ambao ni 773 au 774 Miladia. Mkono wa huyo fundi ulikuwa mzuri lakini Kiarabu hakukijua hata kidogo, maana ukiitazama kwa karibu kuna herufi zimekosewa kwa namna ambayo mtoto aliyemaliza juzuu amma asingekosea, na kubwa kuliko yote, jina la Offa limekaa kichwa chini miguu juu. Yaani ukiishika vizuri usome Offa Rex, yale maneno ya "Muhammad rasulu Llah" yanakuwa yamepinduka, na ukiyaweka sawa yale maneno basi Offa ndo anapinduka. Mtu aliyesilimu angeanza na hilo kweli?

Sasa kwa nini akopi dinari, kwa nini asitengeneze yake? Kwa sababu dinari ndo ilikuwa hela. Ulaya Magharibi wakati ule dhahabu ilikuwa imeshaadimika kwenye mzunguko, watu wananunua na kuuza kwa vipande vidogo vya fedha, na dhahabu ambayo mfanyabiashara wa Italia alikuwa anaipokea bila maswali ni hiyo ya Waislamu, wenyewe wakaiita mancus. Kwa hiyo ukitaka dhahabu yako iaminike unaipa sura ambayo watu wameshaizoea.

Halafu kuna kitu hiyo video haisemi. Offa huyohuyo alimuahidi Papa wa Roma mancus 365 kila mwaka, moja kwa kila siku, zisaidie maskini na mafuta ya taa za kanisa la Mtakatifu Petro. Tunajua hilo kwa sababu Papa Leo III aliikumbusha ahadi hiyo kwenye barua ya mwaka 798 kwa Coenwulf, mfalme aliyefuata baadaye. Wapo wanaoamini sarafu ya London ni mojawapo ya hizo 365, fikiria sasa, shahada inapelekwa Vatikani kama sadaka. Mi siegemei sana huko, maana kopi za dinari zisizo na jina la Offa zimeonekana pia Ulaya, na hizo zinanukia biashara kuliko sadaka, ila siwezi kumkatalia mtu.

Na kama mtu anatafuta Uislamu wa karne ya 8 mbali na Uarabuni mbona hana haja ya kwenda Mercia, aende Shanga kisiwani Pate, visiwa vya Lamu, pale wachimbaji wa mambo ya kale walikuta msikiti mdogo wa miti wa enzi hizohizo chini ya misikiti mingine iliyojengwa juu yake.

"Mimi ni mwalimu wa historia. Mercia ilikuwa wapi hasa na kwa nini kila kitabu kinamtaja Alfred wa Wessex, Mercia inapitwa juu juu?" (Kakamega)

Mwalimu umegusa penyewe. Mercia ilikuwa katikati ya Uingereza, bonde la mto Trent, ukitaja Birmingham, Derby, Leicester, Stafford za leo uko ndani yake. Kasri la mfalme lilikuwa Tamworth, askofu wao Lichfield, na wafalme kadhaa wakazikwa Repton. Kuna orodha ya zamani ya kukadiria ardhi ya kila kabila la Waanglo-Saksoni, yaani Waingereza wa enzi hizo, Mercia yenyewe imeandikiwa ardhi ya kaya 30,000, na ukihesabu makabila madogo yaliyoizunguka na kuinyenyekea unaelewa kwa nini kwa zaidi ya miaka 100, kuanzia kati ya karne ya 7 mpaka mwanzo wa ya 9, hakuna ufalme wa kusini ulioweza kuipuuza.

Tatizo ni nani alishika kalamu. Bede, yule mtawa aliyemaliza historia yake kubwa mwaka 731, alikuwa mtu wa Northumbria, ufalme wa kaskazini, na Northumbria ndo waliouliwa wafalme wawili na Mercia. Asser aliyetuachia habari za tuta la Offa, lile la mpakani na Wales, alikuwa mtu wa Wales anayekula mezani kwa Alfred, mfalme wa Wessex kule kusini. Ile Kumbukumbu ya mwaka kwa mwaka ya Waanglo-Saksoni ambayo kila mtu anainukuu ilikusanywa Wessex enzi za Alfred huyohuyo. Mercia wenyewe tumebaki na hati za kugawa ardhi, barua, sheria kidogo, na kipande kifupi cha kumbukumbu za mwanzo wa karne ya 10 kilichochomekwa ndani ya nakala za hiyo Kumbukumbu. Kwa hiyo ukisoma kuhusu Mercia unamsikiliza jirani mwenye kinyongo, na ikitokea udongo ukatoa kitu basi mara nyingi udongo unamkosoa huyo jirani.

"Kuna mtu ananibishia kwamba Penda alikuwa mpagani aliyeua wafalme watano wa Kikristo. Watano kweli?" (Kidato cha tano, Morogoro)

Penda huyu ni mfalme wa Mercia wa karne ya 7. Watano wanatimia, mwambie rafiki yako yuko sawa, ila stori ina mambo zaidi ya hesabu.

Edwin wa Northumbria aliuawa mwaka 633, hapo Penda alishirikiana na Cadwallon mfalme kutoka Wales, na Cadwallon alikuwa Mkristo, kwa hiyo usiiweke kama vita ya dini moja kwa moja. Oswald, naye wa Northumbria, mwaka 642, na huyu Penda aliamuru kichwa na mikono vikatwe vitundikwe kwenye miti, ndugu yake Oswiu akaja kuvichukua mwaka uliofuata. Wengine watatu ni wa East Anglia, ufalme wa mashariki. Kati ya hao kuna Sigeberht, huyu alikuwa ameshaachia ufalme akaingia utawani, Penda alipovamia watu wake wakamtoa kwa nguvu wakisema askari wakimuona bosi wao wa zamani watapata moyo, yeye akasema ameshamuahidi Mungu hatashika silaha, akaenda vitani na fimbo tu mkononi. Akauawa pamoja na Ecgric aliyemrithi. Wa tano ni Anna, na Anna ni jina la mwanaume hapo msichanganyikiwe.

Huyo Anna kosa lake jingine alimhifadhi Cenwalh wa Wessex. Cenwalh alikuwa shemeji yake Penda, akamuacha dada wa Penda akaoa mwingine, Penda akamfukuza kwenye nchi yake miaka mitatu. Dada wa Penda huachi hivihivi.

Ila sikiliza sasa, Bede huyo mwenye kinyongo, anakiri mwenyewe kwamba Penda hakuzuia mtu kuhubiri Injili Mercia, aliokuwa anawadharau ni wale waliojiita Wakristo halafu matendo hayafanani. Mpagani anawakagua waumini! Na mwanae Peada alibatizwa mwaka 653 baba akiwa hai, kisa alitaka kumuoa binti wa Oswiu akaambiwa hakuna ndoa bila ubatizo. Ndoa yenyewe iliishia vibaya, Peada aliuawa Pasaka ya 656 na watu wakasema mkewe ndo aliyemuuza.

Penda mwenyewe aliisha mwaka 655 mto Winwaed, eneo la Leeds. Oswiu alijaribu kumhonga mali nyingi aondoke, akakataa, basi Oswiu akaweka nadhiri kwamba akishinda atamtoa binti yake mchanga awe mtawa na mashamba 12 ya kujenga nyumba za watawa. Mvua ilikuwa imenyesha, mto umefurika, na Bede anasema waliokufa maji wakikimbia walikuwa wengi kuliko waliokatwa na upanga.

"Shilingi yetu asili yake ni huko?" (Dodoma)

Ni huko kwa Waanglo-Saksoni, tuliletewa na Waingereza, Afrika Mashariki ilianza kutumika 1921. Ila shilingi ya Mercia huwezi kuishika. Ilikuwa hesabu tu, sawa na peni 4 za fedha, wakati Wessex shilingi ilikuwa peni 5, na kwenye sheria inatajwa sana kwenye mambo ya dia, yaani fidia ya mtu aliyeuawa. Mkulima huru wa Mercia dia yake shilingi 200, bwana mwenye cheo shilingi 1,200, kwa hiyo kuua mkubwa mmoja ni sawa na kulipia wadogo sita.

Na dia ilizuia vita kabisa. Mwaka 679 Mercia na Northumbria walipigana karibu na mto Trent, akauawa kijana anaitwa Ælfwine, umri kama miaka 18, ndugu wa mfalme wa Northumbria, na dada yake alikuwa mke wa Æthelred mfalme wa Mercia, kwa hiyo alililiwa pande zote mbili. Kila mtu akajua sasa ni kisasi mpaka mwisho. Askofu mkuu Theodore, mzee aliyetoka Tarso mji wa Mtume Paulo, akaingia kati, dia ikalipwa kwa mfalme, hakuna damu nyingine iliyomwagika kwa ajili ya yule kijana. Mwenzake Theodore aliyekuja naye Uingereza kufundisha, Hadrian, alikuwa mtu wa Afrika ya Kaskazini. Watu wengi hawalijui hili, wanadhani Mwafrika wa kwanza kufika kule alipanda ndege.

"Nilisikia mtu kaokota kilo nne za dhahabu shambani kwa watu. Ni kweli? Na alipewa yeye?" (Geita)

Ndugu wa Geita nilijua lazima uulize. Ni kweli, Julai 2009, Hammerwich karibu na Lichfield, mtu akitembea na ditekta kwenye shamba lililolimwa, palepale pembeni ya barabara ya zamani ya Warumi. Karibu kilo 4 za dhahabu, fedha juu yake, vipande zaidi ya 4,000.

Kwa sheria yao ya mwaka 1996 mali kama hiyo inatangazwa hazina, wataalamu wanaitathmini, makumbusho inapewa nafasi ya kununua, na hela inagawanywa kati ya aliyeokota na mwenye shamba. Hii ilitathminiwa pauni milioni 3.285, na makumbusho za Birmingham na Stoke-on-Trent zikachangisha watu mpaka ikatimia.

Kinachonishangaza mimi sio uzito. Ni kwamba humo ndani hakuna hereni, hakuna bangili, hakuna pambo la mwanamke hata moja, hakuna sarafu. Ni vishikio vya mapanga vilivyong'olewa kwenye chuma chake, vipande vya kofia ya vita, vito vyekundu vimepangwa kwenye vijumba vya dhahabu vidogo mpaka unajiuliza macho ya fundi yalikuwaje bila miwani, na misalaba iliyokunjwa. Kuna ukanda mmoja wa fedha umepakwa dhahabu, umekunjwa nusu, una maneno ya Kilatini kutoka Hesabu sura ya 10, "Inuka, Ee BWANA, adui zako na watawanyike", tena kwa spelingi mbovu. Vitu ni vya karne ya 6 na ya 7, na vilifukiwa karibu na miaka ya Penda na wanawe. Nyara? Akiba ya mfalme iliyofukiwa kwa hofu? Kila mtaalamu ana lake, lakini soma Bede halafu tazama hizo mali, ule "ufalme wa washenzi" wa katikati ya nchi ulikuwa na dhahabu ambayo huko Northumbria haijapatikana kwa wingi huo.

"Tuta la Offa ni kama ukuta wa China?" (Mbeya)

Hapana, ni udongo. Handaki upande wa Wales, tuta upande wa Mercia, sehemu nyingine pana mita 20 ukihesabu na handaki. Asser anasema Offa alilichimba kutoka bahari hadi bahari, yanayoonekana sasa ni kama kilomita 130. Hapakuwa na mashine, ni majembe na amri ya mfalme, kila eneo linaleta watu wake.

"Huyo Offa alikuwa mkubwa kiasi gani nje ya kwao?" (Msomaji, Mwanza)

Mkubwa kiasi cha kubishana mahari na Charlemagne, ndo nikwambie hivyo. Charlemagne alikuwa anatawala Wafaranki, kuanzia Ufaransa mpaka Ujerumani na Italia, akaomba binti wa Offa amuoe mwanae Charles. Offa akasema sawa, ila na wewe unipe Bertha aolewe na mwanangu Ecgfrith. Charlemagne akakasirika mpaka akafunga bandari zake kwa wafanyabiashara wa Kiingereza. Ndoa zote mbili hazikufanyika.

Baadaye wakapatana, na iko barua ya Charlemagne ya mwaka 796 anamwita Offa ndugu yake mpendwa. Barua yenyewe ni mambo ya biashara tu: kuna watu wanajifanya mahujaji wa kwenda Roma kumbe wamebeba bidhaa wakwepe ushuru, hao walipe kama wengine, halafu analalamika kwamba majoho yanayoletwa kutoka Uingereza siku hizi yamekuwa mafupi, yarudi kwenye urefu wa zamani. Miaka 1,200 na ushee iliyopita, mteja analalamika kitambaa kimepunguzwa. Mwisho anamtumia zawadi, mkanda na upanga wa nyara za mashariki na vitambaa viwili vya hariri.

Sasa msimfanye shujaa sana. Mwaka 794 aliamuru Æthelberht mfalme wa East Anglia akatwe kichwa, yule akaja kuhesabiwa mtakatifu, kanisa kuu la Hereford mpaka leo lina jina lake. Askofu mkuu wa Canterbury alipomsumbua, Offa akaenda kwa Papa akaomba Lichfield nayo iwe na askofu mkuu wake, akapata, mwaka 787, na mwaka huohuo akampaka mafuta Ecgfrith awe mfalme baba akiwa hai, ili asije mtu kubishana. Kila ndugu aliyeonekana anaweza kudai kiti alishaondolewa njiani. Offa akafa Julai 796, Ecgfrith akatawala siku 141 naye akafa. Alcuin, msomi wa Kiingereza aliyekuwa kwa Charlemagne, akaandika kwamba kijana hakufa kwa dhambi zake bali kwa damu aliyomwaga baba yake kumsafishia ufalme. Na huo uaskofu mkuu wa Lichfield ulifutwa 803.

"Wanawake walikuwepo au ni hawa wanaume na mapanga yao tu?" (Dada wa Nairobi)

Dada walikuwepo, na mmoja anawazidi wengi wao.

Cynethryth mke wa Offa kwanza, yeye ana sarafu za fedha zenye jina lake na cheo chake cha malkia, na hakuna malkia mwingine wa Waanglo-Saksoni mwenye sarafu kwa jina lake.

Halafu Æthelflæd. Huyu ni binti wa Alfred wa Wessex, mama yake ni wa ukoo wa Mercia, akaolewa na Æthelred bwana wa Mercia wakati nusu ya nchi imeshachukuliwa na Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia. Mume alipokufa mwaka 911 hawakuleta mwanaume, akaongoza yeye mwenyewe, wakamwita Bibi wa Watu wa Mercia. Sasa angalia alivyofanya kazi: 912 anajenga ngome Bridgnorth, 913 Tamworth na Stafford, 914 Warwick, 915 Runcorn, yaani kila mwaka anasogea, anajenga, anaweka watu ndani, ndo anasogea tena. 917 akaichukua Derby kwa vita, na ile kumbukumbu fupi ya Mercia niliyoitaja kwa mwalimu inasema wakuu wanne waliokuwa wapenzi wa moyo wake waliuawa ndani ya malango. Sentensi hiyo mi huwa inanikaa. Kumbukumbu za zama zile ni kavu, mwaka, vita, fulani kafa, na ghafla mwandishi anakwambia aliwapenda.

918 Leicester ikajisalimisha bila kupigana, watu wa York nao wakaanza kuahidi kumtii, kisha Juni 12 akafa Tamworth, akazikwa Gloucester. Binti yake Ælfwynn akarithi, mwanamke anarithi mwanamke. Haikufika hata mwaka. Wiki tatu kabla ya katikati ya majira ya baridi mjomba wake, Edward mfalme wa Wessex, akamnyang'anya madaraka yote akambeba mpaka Wessex, na habari zake zinaishia hapo. Sasa nenda kaisome Kumbukumbu kuu ya Wessex uone Æthelflæd amepewa nafasi gani, ni kama hakuwepo, anatajwa kufa tu kama dada wa Edward. Bila hicho kipande kifupi cha Mercia tusingejua hata ngome moja ni yake.

"Kwa hiyo ufalme uliishaje, Edward ndo aliumaliza?" (Bujumbura)

Kisiasa ndiyo, 918, ila mgongo ulivunjika kabla. Mwaka 825 Wessex iliwapiga Ellendun wakapoteza kusini-mashariki yote. Halafu jeshi kubwa la Waviking likaja kukaa Repton msimu wa baridi wa 873 kwenda 874, palepale penye makaburi ya wafalme, makusudi kabisa nadhani. Mfalme Burgred aliyetawala miaka 22 akakimbilia Roma akafia huko. Pembeni ya kanisa la Repton wachimbaji walikuta mifupa ya watu wasiopungua 264 kwenye kaburi moja.

Waviking wakamuweka Ceolwulf II, ambaye Kumbukumbu ya Wessex inamwita mtumishi mpumbavu wa mfalme, kibaraka, basi vitabu vikakariri hivyo miaka na miaka. Mwaka 2015 ikapatikana hazina Watlington, Oxfordshire, ina sarafu za Alfred na za huyo "mpumbavu" zenye muundo uleule mmoja, watawala wawili wamekaa bega kwa bega. Yaani walikuwa washirika, hela zao zinafanana, na Alfred alipobaki peke yake watu wake wakamuandika mwenzake hivyo. Hapo ndo nilipowaambia udongo unakosoa.

"Kuna uhusiano wowote wa kweli na sisi huku, usitupambe." (Arusha)

Upo mdogo. Kwenye makaburi ya wanawake Waanglo-Saksoni, karne ya 5 na 6, wanakuta pete kubwa za pembe ya ndovu zilizokuwa mdomo wa mkoba wa kuning'iniza kiunoni. Za Scremby, Lincolnshire, eneo ambalo baadaye liliangukia chini ya Mercia, zimepimwa zikaonekana ni za tembo wa Afrika, na vipimo vinaelekea Afrika Mashariki, wataalamu wanafikiria njia ya ufalme wa Aksum, Ethiopia ya kale. Zaidi ya hapo sina, na anayekwambia Offa alifanya biashara na Kilwa anakudanganya.

"Naishi Leicester miaka mingi sikujua haya yote. Naanzia wapi kutembelea na watoto?" (Mama mmoja, Leicester)

Shikamoo mama, una bahati umekaa katikati ya shamba. Anza Breedon on the Hill, hukohuko Leicestershire, kanisa liko juu ya kilima na ukutani ndani kuna michongo ya karne ya 8 na 9, mizabibu, ndege, wanyama wanaokimbizana, watoto watafurahi kuwatafuta. Kutoka hapo Repton si mbali, kanisa la St Wystan, chini yake kuna chumba cha kaburi la wafalme chenye nguzo nne zilizosokotwa, kilisahaulika mpaka mwaka 1779 mfanyakazi aliyekuwa anachimba kaburi alipokiangukia. Ngazi zake ni nyembamba na zimelika, kama magoti yanakusumbua shuka taratibu. Tamworth kuna sanamu ya Æthelflæd ya mwaka 1913 amemshika Æthelstan mtoto wa kaka yake, yule aliyekuja kuwa mfalme wa kwanza wa Uingereza yote. Ile dhahabu ya Hammerwich imegawanywa kati ya Birmingham na Stoke-on-Trent, Birmingham jengo lilikuwa kwenye matengenezo muda mrefu, kwa hiyo cheki kwanza tovuti yao kabla hujakata tiketi za treni za watu wanne.